Maneno na Joto la Dunia: Kukisoma Kitabu cha Craig Bohren

Craig F. Bohren ni mwanafizikia wa Marekani aliyefundisha elimu ya anga katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1987 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Clouds in a Glass of Beer, yaani Mawingu katika Bilauri ya Bia, na mwaka 1991 akakifuatisha kingine cha namna hiyo hiyo. Wataalamu wenzake wamjua zaidi kwa kitabu kizito juu ya mwanga na chembe ndogo, alichokiandika pamoja na Donald Huffman mwaka 1983. Mimi si mtu wa fizikia, wala sithubutu kumhukumu katika hesabu zake. Nakichukua kitabu hiki kidogo kwa kuwa chahusu maneno kuliko msomaji atazamiavyo, na yasemwayo humo juu ya maneno yatugusa sisi tunaotunga istilahi za Kiswahili, wakati ambapo mabishano juu ya tabianchi yamefika katika kila gazeti.

Bohren haanzi na kanuni, huanza na kitu kilicho mezani. Chupa ya bia ikifunguliwa, gesi iliyobanwa hutanuka ghafula na kupoa, na wingu dogo huonekana shingoni mwa chupa kwa kitambo kifupi. Nalo ni wingu kweli, ndugu wa yale ya angani. Maziwa ya kifungua kinywa humpa nafasi ya kueleza kwa nini wingu ni jeupe. Jambo la mchanga ulioloa, ambalo alilichunguza pia pamoja na wenzake katika makala ya kitaalamu ya mwaka 1986, lastahili kutazamwa kwa utulivu. Kila aliyetembea pwani ajua kwamba mchanga ukilowa huwa mweusi kuliko mkavu, na wengi wetu tungejibu upesi kwamba maji hunywa mwanga. Sivyo. Maji machache namna ile hayanywi mwanga kwa kadiri ya kutambulika. Yaingiapo kati ya chembe za mchanga, mwanga ugusapo chembe hauchepuki sana bali huzidi kuelekea mbele. Kwa hiyo hupenya ndani zaidi, hukutana na chembe nyingi zaidi kabla ya kupata njia ya kutoka, na katika kila makutano sehemu yake hupotea. Jibu la haraka lilikuwa jepesi kwa sababu lugha ilikwisha kulitayarisha: kitu cheusi "hunywa" mwanga, na kilichoongezwa ni maji, basi maji ndiyo yanywayo.

Hapa ndipo penye thamani ya kitabu. Adui wa Bohren si ujinga, bali ni sentensi iliyozoeleka. Vitabu vingi vya shule husema kwamba hewa yenye joto "hubeba" mvuke mwingi kuliko hewa baridi, kana kwamba hewa ni kapu na joto hulipanua. Yeye aikataa kauli hiyo kwa ukali wenye mzaha. Maji hugeuka mvuke, na mvuke hurudi kuwa maji, kwa kipimo cha joto la maji na wingi wa mvuke wenyewe. Hewa ingeondolewa yote chomboni, mambo yangekwenda karibu vile vile. Mahali pa kapu aweka ndoo yenye tundu: mimina maji kwa mwendo mmoja, nayo yatapanda mpaka yanayotoka yalingane na yanayoingia, kisha yatatulia. Ndoo haikubeba wala haikunasa kitu; kina chake ni mapatano ya njia mbili.

Tuipeleke ndoo hiyo katika mabishano ya tabianchi. Lugha za Ulaya zimezoea kuita kazi ya hewa ya ukaa na wenzake kwa jina la kitalu nyumba, yaani kibanda cha kioo au nailoni ambamo wakulima huotesha mboga. Jina hilo halikukaa sawa. Mwaka 1909 R. W. Wood alitengeneza vijumba viwili, kimoja akakifunika kwa kioo, cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo hupitisha mionzi ya joto isiyopita katika kioo. Baada ya kuuchuja mwanga wa jua kwa kioo kwanza, tofauti ya joto kati ya vijumba haikufika hata digrii moja. Kitalu nyumba hupata joto hasa kwa kuizuia hewa iliyopashwa moto isipande ikachanganyika na ya nje. Anga halizuii upepo. Gesi zake hupokea mionzi ya joto itokayo ardhini, kisha nazo hutoa mionzi, juu na chini. Bila kazi hiyo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama digrii 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake.

Je, jina baya lina madhara gani, ikiwa wenye elimu wajua ukweli wake? Jibu lapatikana mwaka 2009, Wajerumani wawili, Gerhard Gerlich na Ralf Tscheuschner, walipochapisha katika jarida la fizikia makala ndefu ya kukanusha kazi hiyo ya gesi. Sehemu kubwa ya nguvu ya makala yale ilitoka katika jina: wakaonyesha, kwa kumtaja Wood, kwamba anga si kitalu nyumba, kisha wakaendelea kana kwamba kuliangusha jina ni kuiangusha hoja. Wanafizikia wengine walijibu katika jarida lile lile mwaka 2010. Walakini kwa msomaji wa kawaida pigo lilikwisha kupigwa, na fimbo iliyopiga ilichongwa na waalimu wenyewe.

Basi na sisi tutazame fimbo tulizozichonga. Baadhi ya waandishi wetu walifasiri neno kwa neno wakapata "nyumba ya kijani", na hilo halina la kutetewa, kwa kuwa limepoteza hata kile kioo. "Gesi chafuzi" ni fasaha kwa sikio, lakini laita uchafu kitu ambacho mmea hauwezi kuishi bila ya hicho. Mbishi akisema "huu si uchafu, ni chakula cha mihogo", amesema kweli na amelikwepa swali zima. "Hewa ya ukaa" yamfanya msikilizaji aone masizi na moshi wa tanuri, hali gesi yenyewe haionekani kwa macho. "Gesi joto" ndilo nilipendalo katika haya, ingawa lamwelekeza mtu kudhani kwamba gesi yenyewe ni ya moto au huzaa moto.

Hapo nashindwa kufuatana na Bohren mpaka mwisho. Aelekea kudhani kwamba mfano ukionekana kuwa na kasoro dawa yake ni kuutupa, na mtu aseme mambo kama yalivyo. Lugha haina mahali hapo pa kusimama. Yeye mwenyewe, alipokwisha kulitupa kapu, alishika ndoo. Kazi ya mtunga istilahi ni kujua kila mfano hukatika wapi, na kuchagua ule usiokatika mahali ambapo watu watabishania. Ndoo yahimili: kuongeza gesi ni kulifinya tundu, maji huanza kupanda, na hupanda mpaka mizani irudi. Kule Mauna Loa, upimaji ulioanza mwaka 1958 ulikuta kama sehemu 315 za hewa ya ukaa katika milioni. Mwaka 2024 wastani ulipita 420. Tundu lafinywa, na mtu haitaji kioo wala blanketi ili alielewe.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kimetangulia, na sijaona mhakiki akilitaja. Mtu akitoka nje asubuhi ya baridi kali akasema kwamba habari za joto la dunia ni uongo, amechanganya mambo mawili ambayo lugha yetu iliyatenga kwa maneno yanayojieleza. Hali ya hewa ni hali: huja na kupita, kama hali ya mgonjwa. Tabianchi ni tabia, na tabia haijulikani kwa siku moja. Mpole aweza kukasirika leo akabaki mpole. Kwa upande wa "nchi" neno lina upungufu, maana lafunga ndani ya mipaka jambo la dunia nzima, lakini "tabia" ni johari.

Kwa kamusi zetu, basi, napendekeza kitomeo "gesi joto" kisiishie katika kutaja kaboni dioksidi na methani, bali kieleze kazi: gesi ambayo hupokea mionzi ya joto itokayo ardhini na kuirudisha sehemu yake chini, hivyo kupunguza joto liendalo nje ya anga. Na "kitalu nyumba" libaki kwa wakulima wa nyanya.