Mpira wa Mafuta Juu ya Eksozi

Uamuzi wa kukata bomba la mafuta la chuma la kiwandani na kuunga mpira unaokatisha juu ya manifoldi ya eksozi, yaani mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ni kosa la wazi, hata kama umefanywa ili Hiace iwahi abiria wa Bariadi pale Lamadi. Kubadilisha chujio na kusafisha tanki ni kazi nzuri, lakini hakuzuii mafuta kuchemka ndani ya mpira huo.

Manifoldi ya injini iliyobeba mzigo hupita nyuzi 400 za Selsiasi, ilhali mpira wa kawaida wa mafuta hauvumilii hata nusu ya joto hilo. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka karibu na nyuzi 40, tena mapema zaidi Lamadi, ambako kingo za Ziwa Victoria ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa ni mdogo. Katika injini ya kabureta, ambayo pampu yake huvuta mafuta kutoka mbali, mvuto huo hushusha mgandamizo zaidi, mapovu yakajaa bombani na pampu ikavuta mvuke badala ya petroli. Gari likitembea, mafuta yanayopita huondoka na joto. Likizimwa, mafuta husimama na joto hujikusanya chini ya viti, ilipo injini ya Hiace. Ndiyo maana gari lililotoka Mwanza bila kukohoa hugoma kuwaka kituoni, na utingo akaanza tena kuimwagia pampu maji, tiba ambayo safu hii haijawahi kuikubali. Kuuviringishia mpira tambara ni kubaya zaidi, kwa kuwa huchelewesha joto tu, na likilowa petroli huwa utambi.

Enzi za Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, mafundi wa mashindano walianza na swali la bomba lipite wapi. Kwenye Hiace hii nako bomba lingerudishwa ubavu usio na eksozi, mpira ukabaki kipande kifupi cha kumeza mtikisiko kati ya chesi na injini. Penye ulazima wa kupita karibu na joto, hufungwa bati la alumini lenye nafasi ya hewa pande zote mbili, kwa sababu bati linalogusa bomba hulipelekea joto lile lile lililowekwa kulizuia.