Mlango wa Milimita Nne

Kichanga ana kilo tatu. Kwenye fizi ya juu kazaliwa na uvimbe laini, mwekundu, unaoning'inia kwa kikonyo kama zambarau. Mdomo haufungi, ziwa halishiki. Uvimbe huu huitwa epulisi. Mjerumani Neumann aliuandika mwaka 1871. Huwapata zaidi watoto wa kike, si saratani, na kuukata ni kazi ya dakika chache.

Mimi humtazama aliyekaa kichwani mwa kitanda, mtaalamu wa usingizi. Njia ya hewa ya kichanga ina upana wa milimita 4 hivi. Ikivimba milimita moja kuzunguka, inabaki robo ya nafasi. Na kwa kila kilo, kichanga hutumia oksijeni karibu maradufu ya mtu mzima. Pumzi ikikatika, midomo hubadilika rangi upesi mno.

Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii dawa ya kulegeza misuli. Anamwachia mtoto pumzi yake. Chumba kimepashwa joto, kitambaa kimekunjwa chini ya mabega. Atropini inatangulia kukausha mate, ketamini inafuata kidogo kidogo, imepigiwa hesabu kwa uzito. Mtoto analazwa ubavu, uvimbe unajishukia wenyewe pembeni. Kisha chuma chembamba kilichonyooka, cha kumulikia koo, kinaingia kwa kona ya mdomo, kinapita kando ya uvimbe bila kuugusa, maana ukiguswa unatoka damu. Kule ndani, nyuzi za sauti zinafunguka na kufunga kwa kila pumzi, kama mlango wa nyumba yenye watu. Anangoja. Zikifunguka, mpira wa kupumulia unapita. Daktari wa upasuaji yupo pembeni, tayari kutoboa koo ikishindikana.

Upo uvimbe mwingine, teratoma ya kaakaa, unaoweza kujaza mdomo mzima. Huo hautaki kukutwa ghafla leba. Hospitali kubwa duniani humtoa mtoto kichwa na mabega tu, mpira ukapitishwa huku kondo la nyuma bado linamlisha hewa. Kwa mama wa Karema au Mishamo, mkoani Katavi, usalama unaanza na picha ya ultrasaundi mapema, afike Mpanda, kisha asafirishwe kabla ya uchungu: Mbeya kupitia Sumbawanga, au hospitali ya Bugando kupitia Tabora. Katavi ni mkoa tangu 2012, lakini barabara hizo bado ni ndefu kwa tumbo la miezi minane.

Epulisi imekatwa. Mpira hautolewi bado. Fundi anasubiri macho yafunguke, miguu ipige teke, kilio kianze kuusukuma. Hapo ndipo anauvuta, na mama anaitwa aje kunyonyesha.