Mboni, Jua na Mwezi: Kuipima Tafsiri ya Kirusi

Anayetaka kujua kama shairi la Kiingereza limepata mfasiri hodari wa Kirusi aanze na jicho. Mpenzi wa Mwingereza huitwa "apple of my eye", tufaa la jicho. Ukiyahamisha maneno hayo jinsi yalivyo utapata glaznoye yabloko, na hilo kwa daktari wa Moscow ni jina la kitabibu la jicho zima, lile duara lililokaa ndani ya tundu lake. Mapenzi yameishia kliniki. Fundi ataandika zenitsa oka: zenitsa ni mboni na oko ni jicho, yote maneno ya kale. Waswahili wanaosema mboni ya jicho wataielewa mara moja. Lakini katika kitabu cha tiba mboni hiyo ni zrachok na jicho ni glaz. Mwenye kutia zenitsa humo hajui kazi.

Jozi hizi zimetokana kwa sehemu kubwa na Kislavoni cha kanisa, kilichoishi na Kirusi cha mazungumzo kwa karne nyingi. Mikhail Lomonosov, mkemia aliyekuwa pia mshairi, aliyapanga maneno katika mitindo mitatu, wa juu, wa kati na wa chini, miaka ya 1750.

Kwenye vivumishi mambo hugeuka. Kiingereza kina "solar" ya wanasayansi na "sunny" ya siku njema. Kirusi kina solnechny tu. "Celestial" na "heavenly" zote huwa nebesny. Hapa ndipo umahiri unapoonekana, maana kilichopotea kwenye kivumishi hulipwa kwenye nomino: nebo, mbingu ya kawaida, huipisha nebesa, mbingu ya mtindo wa juu, katika mstari mmoja unaostahili. Mfasiri dhaifu hurundika maneno ya kale kila mahali, shairi zima likanuka ubani.

Mwezi ndio mtihani mgumu zaidi. Luna ni ya wanasayansi na washairi vilevile. Gari la Kisovyeti lililotembea mwezini kuanzia 1970 liliitwa Lunokhod. Mesyats ni mwezi wa ngano, hasa ule mwembamba, na kama mwezi wetu huhesabu pia siku za kalenda. Tatizo ni kwamba luna ni nomino ya kike na mesyats ya kiume, nao washairi wa Kiingereza wamezoea kuuona mwezi kama bibi. Aliyechukua mesyats kwa kutafuta kina tu hugundulika haraka: vitenzi vya Kirusi vya wakati uliopita hufuata jinsia ya nomino, na bibi wa ubeti wa kwanza ataanza kutenda kama bwana.