Tarumbeta la Kibuyu: Mwigo na Kejeli katika Ngoma ya Mganda

Katika mazungumzo yetu juu ya utamaduni wa taifa, methali isemayo "mwacha mila ni mtumwa" imetumika mno hata imegeuka kuwa rungu. Kila lionekanalo kuwa na asili ya ugenini hupigwa nayo, na aghalabu hakuna anayesimama kuuliza kama kitu kilichopigwa kilistahili kipigo. Sisi wenyewe tumepata kulishika rungu hilo, na makala haya yanaanza kwa kukiri kosa letu.

Ilikuwa katika miaka ya 1990, tulipokuwa watumishi vijana wa Serikali. Tuliitwa Njisi, katika Wilaya ya Kyela, tuwe miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya ngoma za wanafunzi. Vikundi vilivyotangulia vilicheza ngoma tulizozitazamia, nasi tukavipa alama nzuri. Ndipo wakaingia vijana waliovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wamejipanga mistari kama askari. Mbele yao alitembea kiongozi mwenye filimbi, na mikononi mwao walishika vibuyu vilivyounganishwa kwa nta vikafanywa mfano wa matarumbeta. Ngoma kubwa ilipolia, vibuyu vikaitikia kwa mlio wa kukwaruza, kama mzinga wa nyuki uliotikiswa. Watazamaji walicheka kwa furaha. Sisi hatukucheka. Tuliandika kwenye karatasi yetu kwamba hiyo si ngoma ya asili bali ni kuliiga gwaride la mkoloni, tukawaweka vijana wale mkiani.

Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja alitujia, akatuamkia kwa upole, kisha akasema: "Wanangu, ninyi mmesikia tarumbeta. Sisi tumesikia watoto wetu wakilicheka tarumbeta." Hakuongeza neno. Imetuchukua miaka mingi kuielewa hukumu ile, maana yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi siku hiyo.

Ngoma tuliyoidharau huitwa mganda, na kwingine malipenga. Jina la kwanza ni la ngoma kubwa inayopigwa. La pili ni wingi wa lipenga, yaani tarumbeta. Inajulikana sana katika pwani za Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika nchi ya Malawi, huchezwa na Watonga wa Nkhata Bay, Watumbuka na wengineo. Upande wetu wa Tanzania imeshamiri hasa kwa Wanyasa na Wamatengo wa Mkoa wa Ruvuma, ambako wanawake nao wana kioda yao. Wachezaji hujiunga katika chama ambacho huko Malawi huitwa boma, neno lile lile la makao ya serikali ya kikoloni, na katika chama hicho kuna vyeo: kingi, kapteni, sajini, daktari. Boma moja hulialika jingine, wageni hupokewa kwa chakula, na mashindano hudumu mchana kutwa.

Chimbuko lake halifahamiki pasipo kuitazama historia. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, ambayo jina lake latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Vijana wa mjini waliitwaa bendi ya kijeshi ya mzungu, kitu kipya kabisa machoni na masikioni mwao, wakaifanya chombo cha mashindano ya mitaa. Katika nchi yetu beni ikagawanyika katika vyama viwili vilivyovuma sana, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara.

Watu wa pembe hii ya ziwa hawakuisikia vita hiyo kwa mbali. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa ufukoni pale ambapo leo ni Liuli. Tarehe 9 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wajerumani, yakiwa yamevuka Songwe, yalipigana na Waingereza huko Karonga, yakarudishwa nyuma. Mpaka ule wa Songwe ulikuwa umewekwa na mataifa hayo mawili kwa mkataba wa mwaka 1890, wala wenyeji wa kingo zake, Wanyakyusa na Wangonde, ambao lugha zao zinafahamiana, hawakuulizwa. Wakatwaliwa huku na kule kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi.

Basi na tujiulize: mtu aliyebeba sanduku la risasi nyuma ya bendi ya kijeshi, akafika nyumbani salama, kisha akatunga kibuyu akakifanya kilie kama tarumbeta la bwana wake, mtu huyo alikuwa akifanya nini? Je, alikuwa akimsujudia bwana, au akimcheka?

Wataalamu wamelijadili jambo hili. J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956, aliieleza ngoma ya kalela, mtoto mwingine wa beni, aliyoiona kwenye machimbo ya shaba ya Luanshya, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Huko ngoma zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Alikuwapo "daktari" aliyevaa joho jeupe, na "muuguzi" aliyepita kati ya wachezaji na kioo ili kila mmoja ajitazame kama yu nadhifu. Mitchell aliona hapo zaidi hamu ya watu wa mjini kujinasibisha na heshima ya mzungu. Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, alikwenda mbele zaidi. Alionyesha kuwa mashindano ya namna hiyo yalikuwapo pwani kabla ya bendi, na kwamba vyama vya beni vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Watawala wa Kiingereza nao, baada ya vita, waliichunguza beni kwa wasiwasi. Hapa tunapata ushahidi wa kuaminika: mtawala hana sababu ya kuogopa sifa tupu. Aliogopa kwa kuwa alihisi kwamba ndani ya sifa mna jambo jingine.

Sisi si wataalamu wa historia. Kazi yetu ni utunzi wa mashairi, na mtunzi huanza kuuliza maana ya kitu kwa kulitazama umbo lake. Na tulitazame lipenga lenyewe.

Tarumbeta la bendi ni la shaba. Hununuliwa, hung'arishwa, na hutunzwa katika ghala la serikali. Lipenga ni kibuyu, tunda la bustani alimokula bibi yetu na babu yetu. Ubavuni mwake hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Hata hivyo tofauti kubwa haimo katika vifaa. Mpiga tarumbeta la shaba hupuliza. Mpiga lipenga hapulizi, huimba. Akikaa kimya na kutoa pumzi tu, kibuyu nacho hukaa kimya. Chombo hiki kilichoundwa kwa mfano wa chombo cha kigeni hakiwezi kutoa mlio wowote ila sauti ya mwenyeji mwenyewe ipite ndani yake, ikatoka imebadilika, ikiwa na ukali na mzaha ambao haikuwa nao. Hatujui tamathali iliyo bora kuliko hiyo ya yale ambayo taifa lapaswa kuyafanya kwa kila kitu kitokacho nje.

Tukitoka kwenye chombo tukaingia katika mwendo, tunakuta vivyo hivyo. Gwaride lataka mguu ulionyooka na uso usio na habari. Mchezaji wa mganda huanza na mstari ulionyooka kweli kweli, kisha huulegeza: goti hukunjwa, mwili huinama, hatua huchelewa kidogo nyuma ya ngoma kana kwamba askari amekumbuka jambo la nyumbani. Nidhamu haikuvunjwa, maana wote huchelewa pamoja. Hapo ndipo ilipo siri ya mwigo wa kejeli. Asiyejua gwaride hawezi kulicheka. Aweza tu kulikosea. Ili kejeli ipate makali yake, ni lazima mwigaji akijue kitu anachokicheka pengine kuliko mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tunakataa majibu yote mawili yaliyo mepesi. Wasemao kwamba mganda ni utumwa wa mawazo hawakuisikia sauti iliyomo kibuyuni. Nao wasemao kwamba mganda ni upinzani mtupu dhidi ya mkoloni hawakuzitazama soksi zile nyeupe zilizofuliwa kwa uangalifu mkubwa, wala hawakuiona fahari ya kijana aliyeitwa kapteni. Ngoma hii hupenda na kucheka kwa wakati mmoja. Mzozo kama huu umetokea kwingineko pia. Filamu ya Mfaransa Jean Rouch iliyotoka mwaka 1955, yenye kuonyesha wahamiaji kutoka Niger huko Accra wakiigiza vyeo vya gavana na jenerali katika ibada yao, ilipigwa marufuku na Waingereza kwa kuwa ilimtukana mtawala, na wakati huo huo wasomi wa Kiafrika waliokuwa Paris walichukizwa nayo wakiona kuwa ilimtukana Mwafrika. Kazi moja yenye kuwaudhi mahasimu wawili kwa sababu zinazopingana huwa, mara nyingi, ina ukweli ambao hakuna kati yao aliyeutaka.

Hatusemi haya ili kuisifu ngoma hii pasipo mipaka. Kejeli ni kisu, na kisu hukata popote kinapoelekezwa. Mganda unapomcheka mwenye nguvu, hufanya kazi ya sanaa. Unapomgeukia jirani maskini wa kijiji cha pili, au kabila jingine, hugeuka masimango. Mitchell aliyasikia masimango ya makabila katika nyimbo za kalela, na hatuna sababu ya kudhani kwamba sisi tumesalimika. Tena kuna hatari ya pili. Kikundi kikipata fedha kikavitupa vibuyu na kununua matarumbeta halisi na vipaza sauti, mlio wake huenda ukapendeza, lakini kejeli imekufa; kilichosalia ni bendi ndogo inayotamani kuwa bendi kubwa. Hapo ndipo methali yetu ya mwanzo ingepata mahali pake pa haki.

Wapo watakaotukumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi wetu tulifundishwa kucheza dansi za Kizungu tusizijue ngoma zetu. Nasi tunaikumbuka. Lakini katika ngoma alizozitaja kwa majina imo lelemama, ngoma ya wanawake wa mwambao, ambayo vyama vyake viliishi bega kwa bega na vyama vya beni na kushindana kwa namna ile ile. Tena katika hotuba hiyo hiyo alisema kuwa taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni la wapumbavu, mradi kujifunza kusitufanye tuache kilicho chetu. Kipimo alichotuachia, basi, hakiulizi kitu kimetoka wapi. Kinauliza kimefika kwetu kikawa nini.

Kwa walimu tuna ombi moja. Mnapofundisha tashtiti darasani, msianze na maelezo ya ubaoni. Wapeni wanafunzi kibuyu kidogo na kipande cha utando, wakitengeneze wenyewe, kisha waambieni waige kitu ambacho kila mmoja shuleni anakijua: kengele, tangazo la redio, hotuba ya mgeni rasmi. Waulizeni wamekibakiza nini, wamekibadili nini, na ni nani atakayecheka. Mwanafunzi akiyajibu maswali hayo matatu, ameielewa tashtiti, na hatasumbuka atakapoikuta katika riwaya au tamthilia. Huenda pia akajifunza kumtambua mtu anayeiga bila kucheka, yaani yule ambaye kibuyu chake hakina sauti ndani.

Vijana wale wa Njisi sasa ni watu wazima wenye watoto. Hatukupata kuwaomba radhi, na karatasi yetu ya alama bila shaka imekwisha kuliwa na mchwa mahali fulani. Lakini maadamu kalamu ile iliyowahukumu bado i mkononi mwetu, tumeona vema iandike kwa mara ya pili. Ngoma waliyoicheza ilikuwa yao.