Kifurushi Kinaposuasua: Kumjua Fundi na Mbabaishaji

Juzi nimesoma ripoti iliyopigiwa makofi na watu ninaowaheshimu. Mwandishi alikuta yum inasuasua ndani ya kontena ya CentOS 7, akahamia seva ya nakala iliyo karibu, akaomba mashine yenye diski mpya, akatangaza ushindi. Hakuonyesha popote muda ulikuwa unaliwa na nini. Hiyo ni ramli.

Uchunguzi huanza na mistari mitatu ya time. Real ikipaa huku user na sys ziko chini, kuna kinachosubiriwa: mtandao, au fsync za dpkg, yaani diski kuthibitisha kwamba data imeandikwa. User ikipanda, xz inafumua. Kwetu huku kila kitu husingiziwa intaneti, hata pale faili zote zimeshashuka na kilichobaki ni kusakinisha. Anayeanza na top simwamini. Na ripoti inayozidi ukurasa mmoja inaficha kitu.

Sys ikitawala ndipo mwanagenzi anapoumbuka. Diski imelala, mtandao umelala, kiini kimoja cha prosesa kinachemka kwa asilimia 100, na imeji ileile inakwenda vizuri kwenye mashine ya jirani. Atapekua kontena usiku kucha, kumbe jibu liko nje yake. Weka strace -f. Utaona miito ya close au fcntl ikimiminika bila kikomo, karibu yote ikirudi na EBADF, yaani namba ya faili ambayo haijafunguliwa: mlinzi anafunga milango ya nyumba ambayo haijajengwa. Programu za zamani, rpm ya CentOS 7 ikiwemo, kabla ya kuendesha skripti ya kifurushi hupitia namba za faili kuanzia 3 hadi kikomo cha ulimit -n. Kilipokuwa 1024, nani angehisi? Desemba 2018 ikaja systemd 240, ikapandisha dari la kerneli; huduma ya Docker nayo ilikuwa imeandikwa LimitNOFILE=infinity. Kontena ikajikuta na kikomo cha 1073741816, na mzunguko huo unarudiwa kwa kila skripti. Fakeroot iliugua vivyo hivyo. Dawa ni ulimit -n 1024 kabla ya yum, au --ulimit nofile wakati wa kuanzisha kontena. Mstari mmoja, bila kununua chochote.

Mzee aliyenifunza kazi hata strace hakuigusa mara nyingi. Aliandika ulimit -n nje ya kontena, akaiandika tena ndani, akaziweka namba mbili sambamba. "Mdogo wangu," alisema, "uliza kwanza imeruhusiwa nini." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Kinyume chake ni yule wa maonyesho. Anasakinisha mara ya kwanza, polepole. Anagusa mpangilio fulani. Anasakinisha tena, mara hii /var/cache/apt/archives imejaa na kumbukumbu ya kerneli ina joto. Ukumbi unashangilia. Nilimwomba mmoja wao afute akiba, aandike 3 kwenye drop_caches, kisha arudie. Akakumbuka ana kikao kingine.

Enzi za kujenga vifurushi vya Debian kwa pbuilder kwenye diski za kuzunguka, fsync uliisikia kwa masikio: kwaru, kwaru, kwa kila kifurushi. Vijana wa NVMe hawajui raha hiyo, ndiyo maana wanakisia.

Na wengi wao humwaga eatmydata, kizima-fsync, kila mahali. Dpkg iliongezewa fsync mwaka 2010 kwa sababu umeme ukikatika, ext4 iliweza kuacha faili tupu. Ndani ya chroot itakayotupwa baada ya kujenga, ulinzi huo haulindi kitu, uondoe. Kwenye seva inayohudumia watu kuuondoa ni dhambi, na kwenye tatizo la sys eatmydata haisaidii lolote. Kwa hiyo ukimkuta mtu ameiweka, muulize kwa nini ni salama hapo alipoiweka. Akikujibu kwamba inaongeza kasi, mnyime nywila ya root.