Baraka Iliyotungiwa Mtu Mmoja: Usomaji wa Pili wa Baraka ya Patriaki miongoni mwa Wamormoni wa Zamani

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, baraka na laana huchunguzwa aghalabu kwa upande wa mtamkaji: mamlaka yake, uteuzi wake wa maneno, mahali na wakati wa utendaji. Mtamkiwa hutajwa kama hadhira tu, kisha huachwa pale pale alipotamkiwa. Makala hii inakusudia kumfuata mtamkiwa huyo miaka mingi baadaye, wakati ambapo imani iliyoipa baraka nguvu imekwisha kumtoka, ilhali maneno yenyewe angali nayo. Mfano tutakaouchunguza ni baraka ya patriaki katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana zaidi kwa jina la Wamormoni, pamoja na masimulizi ya wale waliolihama. Kanisa hili limetambuliwa rasmi nchini Kenya tangu mwaka 1991, lakini masimulizi tunayoyalenga ni zao la Marekani, na huko ndiko tutakakobaki kwa sehemu kubwa.

Kanisa hili lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Baba yake, ambaye naye aliitwa Joseph Smith, ndiye aliyekuwa patriaki wa kwanza. Kielelezo cha kazi hiyo ni Yakobo, ambaye katika sura ya 49 ya kitabu cha Mwanzo anawaita wanawe na kuwatamkia yatakayowapata. Cheo cha patriaki wa kanisa zima kilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa ukoo wa Smith hadi mwaka 1979, Eldred G. Smith alipostaafishwa bila ya kuwekewa mrithi. Kazi yenyewe haikukoma, kwani mapatriaki huteuliwa katika vigingi, yaani majimbo ya kanisa yanayounganisha kata kadhaa. Muumini, kwa kawaida kijana, hupata idhini ya askofu wake. Huketi kitini, naye patriaki humwekea mikono kichwani na kunena. Maneno hurekodiwa na kupigwa chapa. Nakala moja hupewa mwenyewe, nyingine huhifadhiwa katika kumbukumbu za kanisa mjini Salt Lake City. Baraka hii, kwa desturi, hutolewa mara moja tu maishani.

Kwa jicho la fasihi, hapa pana matini yenye sura mbili. Wakati wa kutamkwa ni fasihi simulizi: pana mtendaji, pana mguso wa mikono, pana hadhira ya mtu mmoja. Inapopigwa chapa huwa andishi, kitu cha kusomwa faraghani, kukunjwa na kuwekwa sandukuni. Maudhui yake yana mpangilio unaojulikana. Patriaki humtajia mtamkiwa kabila lake katika nyumba ya Israeli, mara nyingi Efraimu, humweleza vipawa vyake, humwahidi mambo kama vile utumishi wa kimisionari, ndoa ya hekaluni na watoto, kisha humwonya. Ahadi hizo hutegemea uaminifu wake. Lau baraka hii ingetungwa kwa Kiswahili, -ki- ya masharti ndiyo ingekuwa nguzo ya sarufi yake.

Wengi wa waliolihama kanisa huanza usomaji wao wa pili kwa kukagua. Huorodhesha kilichotimia na kisichotimia, mithili ya mtu anayemdai mdeni wake. Usomaji huo unaeleweka, lakini kwa maoni yetu haufiki mbali, kwa sababu muundo wa matini umekwisha kuujibu. Lisilotimia duniani, mafundisho ya kanisa husema, laweza kutimia baada ya kifo. Na lililokosekana laweza kuelezwa kwa upungufu wa uaminifu. Aliyeondoka ndiye mwenye kesi ngumu kuliko wote. Kwa kuondoka amelivunja sharti, na hivyo ahadi inaposhindwa, ushahidi humwangukia yeye. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba tamko linalotenda halipimwi kwa ukweli wala uongo, bali kwa kufaulu au kutofaulu. Hoja hii yatusaidia kuliweka swali upya: je, tamko hili lilimtendea nini kijana alipolisikia, na laendelea kumtendea nini leo?

Jibu tunalipata katika tendo la kulinganisha. Waumini hushauriwa kuiona baraka yao kuwa kitu kitakatifu, wasiitangaze ovyo wala kuilinganisha na ya mwingine. Kwa aliyeondoka, ushauri huo hupoteza nguvu. Karatasi huwekwa kando kwa kando, na sentensi zinazofanana huonekana. Baadhi ya wasomaji hao huuona mfanano kuwa ushahidi wa ulaghai. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atapinga haraka. Tangu Albert Lord achapishe *The Singer of Tales* mwaka 1960, tumezoea kufundisha kwamba fomula si dalili ya uvivu wala hila. Ni nyenzo ya fanani anayetunga papo hapo. Patriaki anayenena mbele ya kijana ambaye pengine hamfahamu sana atategemea nini isipokuwa hazina ya maneno aliyoirithi?

Utetezi huo ni sahihi, lakini hautoshi. Hadhira ya utendi inajua kwamba fomula ni mali ya wote, na hufurahia kuitambua. Mkataba wa baraka ya patriaki ni mwingine. Kijana ameambiwa kwamba Mungu anamjua kwa jina, na kwamba maneno atakayoyasikia ni yake binafsi. Kwa istilahi ya nadharia ya upokezi, upeo wake wa matarajio ni upekee. Anayeyakuta maneno yake katika karatasi ya mwenzake, kwa hiyo, halalamikii mtindo. Analalamika kwamba mkataba wa utanzu umevunjwa, na hilo ni lalamiko la kihakiki linalostahili kujibiwa kihakiki.

Mfano mmoja wa kwetu waweza kufafanua jambo hili. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake yapata mwaka 1858 ili kumwusia bintiye. Hayo nayo ni maneno ya mtu mzima kwa kijana mmoja, yenye mawaidha na dua. Lakini utendi huo ulinakiliwa na kusomwa, ukawa wosia wa mabinti wengi; na kwa kuwa watu waliujua, waliweza kuusifu au kuupinga, kama wahakiki wanavyoendelea kufanya kuhusu nafasi ya mke ndani yake. Baraka ya patriaki haikupata bahati hiyo. Faragha iliyoipa utukufu ndiyo iliyoinyima uhakiki.

Uhakiki huo wahitajika zaidi pale ploti ya baraka inaposhindwa kumtambua mtamkiwa. Mwanamke asiyeolewa, mtu asiyejaaliwa watoto, mwanamume anayewapenda wanaume wenzake: watu kama hawa wamekabidhiwa hadithi yenye harusi na watoto, wakaishi wakidhani kwamba wao ndio kosa katika hadithi. Suala la ukoo nalo lina historia yake. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru katika jimbo la Connecticut, alibarikiwa na Hyrum Smith mwaka 1844, na ukoo aliotajiwa ulikuwa wa Kanaani mwana wa Hamu. Hadi mwaka 1978 kanisa liliwanyima wanaume weusi wenye asili ya Kiafrika ukuhani, na weusi wa jinsia zote ibada kuu za hekaluni. James hakuhama. Aliziomba ibada hizo tena na tena, akafariki mwaka 1908 angali muumini. Twamtaja hapa kwa sababu anathibitisha kwamba mtu aweza kubaki ndani na bado akadai zaidi ya alichotamkiwa.

Haki yatudai tuseme jambo moja zaidi. Masimulizi ya waliohama nayo yana fomula zake: uzito wa mikono kichwani, sauti ya mzee, karatasi iliyokutwa tena mtotoni mwa meza, na hatimaye siku ya kufumbuka macho. Hatari yake ni kwamba kijana aliyefurahi kwa dhati hugeuzwa mhusika bapa, mjinga aliyehadaiwa, ili msimulizi wa sasa apate kuonekana mwerevu. Masimulizi yenye uzito ni yale yanayomwachia kijana yule furaha yake.

Yamkini ndiyo sababu baadhi yao hawaichomi karatasi ile. Pengine ni matini pekee waliyowahi kutungiwa, kwa majina yao, na mtu aliyewawekea mikono. Anayeihifadhi bila ya kuiamini hajarudi alikotoka. Zamani alisoma akingoja kutimiziwa. Sasa anasoma akiuliza ni nani aliyesema, kwa mamlaka gani, na kwa nini maneno yale yalimgusa. Maswali hayo matatu ndiyo tunayowafundisha wanafunzi wetu darasani. Hawa wamejifunza kuyauliza kwa gharama kubwa zaidi.