The Titfield Thunderbolt: Filamu inayoipenda treni na kumcheka mkaguzi

Ukikaa na wapenzi wa treni za mvuke, haipiti muda kabla mmoja wao hajaitaja The Titfield Thunderbolt. Ni filamu ya vichekesho ya Uingereza ya mwaka 1953, iliyotengenezwa na studio ya Ealing, ikaongozwa na Charles Crichton na kuandikwa na T.E.B. Clarke. Imezeeka lakini bado inachekesha, rangi zake bado zinapendeza, na ukimaliza kuitazama unaweza kutamani kuacha masomo ukachochee makaa.

Sasa kwa nini tuiongelee kwenye ukurasa wa sayansi? Kwa sababu filamu hufundisha hata pale isipokusudia kufundisha. Na hii, katikati ya kicheko, inafundisha jambo moja ambalo fizikia haikubaliani nalo: kwamba usalama wa treni ni makaratasi ya watu wa serikali, na ukiwa na mapenzi ya kutosha utavuka tu. Nitaeleza mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, itazame kwanza.

Hadithi kwa ufupi

Kijiji cha Titfield kinaambiwa reli yake ndogo itafungwa. Kasisi wa kijiji, mpenda treni aliyekubuhu, anaungana na kijana mmoja mwenye shamba kubwa, wanaamua kuiendesha wenyewe. Hela wanazipata kwa tajiri mpenda kinywaji, baada ya kumweleza kwamba baa ya ndani ya treni inaweza kufunguliwa asubuhi, mapema kuliko baa za mtaani. Wanapewa mwezi mmoja wa majaribio, kisha aje mkaguzi wa wizara. Wapinzani wao ni wenye basi la kijijini, ambao wanatumia kila hila kuwakwamisha.

Usiku wa kuamkia ukaguzi, injini yao inaangushwa nje ya reli. Hapo wanakijiji wanaitoa makumbusho injini kongwe kabisa, ndiyo hiyo Thunderbolt, na kuifunga kwenye behewa la kuungaunga. Injini iliyoigiza nafasi hiyo ni ya kweli. Inaitwa Lion, iliundwa mwaka 1838, na leo iko kwenye makumbusho ya Liverpool. Kwa mpenda treni, kuiona ikitembea kwa moto wake yenyewe inatosha kuwa sababu ya kuitafuta filamu hii.

Hadithi pia ina mzizi wa kweli. Mwaka 1951, kule Wales, reli ya Talyllyn ilichukuliwa na watu wa kujitolea, ikawa ya kwanza duniani kuendeshwa kwa mtindo huo. Clarke alipata wazo kutoka kwao. Kwa hiyo si filamu tu. Ni picha ambayo harakati nzima ya kuhifadhi treni za zamani ilikua ikijitazama ndani yake, na ndiyo maana mambo inayoyachekea yana uzito.

Ndoo za maji

Chukua tukio la maji. Mnara wa kujazia maji unaharibiwa, injini inakaukiwa njiani, na abiria wanashuka. Wanapanga mstari, wanachota maji kwa ndoo na kila chombo kilichopo, wanapokezana mpaka injini inashiba. Ni tukio zuri la ushirikiano, na ukilitoa filamu itapwaya. Ila kinachobaki kichwani ni ule mstari wa watu. Kilichokuwa kinaendelea ndani ya boila hakibaki.

Ndani ya boila ya treni kuna tanuru la makaa, na dari la tanuru hilo ni bamba la chuma ambalo juu yake lazima maji yakae muda wote. Maji ndiyo yanayokipoza chuma. Chini yake kuna moto unaozidi nyuzi 1,000. Maji yakishuka chini ya dari, bamba linapata moto haraka, na chuma cha kawaida kikifika nyuzi 600 hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Wakati huohuo mvuke unakisukuma kutoka juu.

Kikiachia, kinachofanya balaa ni maji kuliko hata mvuke wenyewe. Kwa mgandamizo wa baa 10, yaani kama mara kumi ya hewa inayotuzunguka, maji huchemka kwenye nyuzi 180 hivi. Mgandamizo ukitoweka ghafla, maji ya nyuzi 180 hayawezi kubaki maji. Karibu asilimia 15 yake hugeuka mvuke papo hapo. Piga hesabu: kilo moja ya maji inatoa lita 250 hivi za mvuke. Boila yenye tani 5 za maji inatoa mvuke wa kujaza vyumba 40 vya kulala, kwa muda mfupi kuliko unaotumia kusoma sentensi hii.

Hili limetokea kwenye treni ya matembezi. Tarehe 16 Juni 1995, karibu na Gardners, Pennsylvania, Marekani, dari la tanuru la injini namba 1278 ya reli ya Gettysburg liliachia ikiwa inavuta treni ya watalii. Wafanyakazi watatu wa kwenye injini waliungua. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta maji yalikuwa yameshuka mno, na njia za kioo cha kuonyesha kiwango cha maji zilikuwa zimezibwa na ukoko, uleule unaouona ndani ya birika la chai. Yaani watu walikuwa wanatazama kioo, na kioo kilikuwa kinawadanganya. Lawama iliangukia matunzo mabovu na mafunzo hafifu. Namna boliti za kushikilia dari zilivyopangwa ilifanya chuma kiachie kwa hatua badala ya pigo moja, la sivyo tungekuwa tunasimulia habari nyingine kabisa.

Kamba

Tukio la pili ni la ukaguzi wenyewe. Hakuna kiunganishi cha kufaa kati ya Thunderbolt na behewa, kwa hiyo wanafunga kamba. Breki zinapojaribiwa, kamba inakatika, injini inakwenda zake peke yake. Wanakijiji wanahangaika kurekebisha mambo kabla mkaguzi hajang'amua, na sisi watazamaji tunaomba wasikamatwe.

Hapa ndipo filamu inaponikera zaidi. Treni kukatika vipande viwili ndilo tukio lililozaa sheria kubwa ya usalama wa reli huko Uingereza na Ireland. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata, ili wapeleke nusu ya kwanza kisha warudie nyingine. Mabehewa ya nyuma yakaponyoka, yakarudi kinyumenyume mpaka yakagongana na treni iliyokuwa inafuata. Walikufa watu wapatao 80. Breki za treni ile zilikuwa za aina inayoacha kufanya kazi treni ikikatika. Mwaka huohuo ikatungwa sheria: treni za abiria ziwe na breki inayopita behewa kwa behewa, na treni ikikatika breki ijifunge yenyewe.

Kwa hiyo mwaka 1953, wakati kamba ya Titfield inakatika, sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka 64. Mtu atasema, "Acha bwana, ni vichekesho." Sawa. Vichekesho vizuri huchezea hatari, na mimi sina tatizo na hilo. Ninachohoji ni filamu imetuweka upande gani: imetuweka upande wa kamba. Anayetaka kujua behewa limefungwa kwa nini ndiye anayeonekana kikwazo.

Mkaguzi na dakika kumi

Mwisho ndio unaofichua msimamo wa filamu. Treni inafika ikiwa imechelewa kama dakika kumi, watu wamekata tamaa, halafu mkaguzi anawapasisha. Kwa nini? Kwa aina ya kibali walichoomba, mwendo usizidi maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Wangekuwa na kasi kidogo tu, wangefeli. Kuchelewa kumewaokoa. Watu wanashangilia, filamu imekwisha.

Ni mwisho mtamu, na umeandikwa kwa ufundi. Lakini angalia unachosema: wamefaulu kwa bahati, na namba 25 inaonekana kama kituko cha ofisini. Wakati namba hiyo ina maana. Nishati ya treni inayotembea hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwenda 48 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa asilimia 44. Kwenye reli ndogo iliyochakaa, yenye behewa la kuungaunga, tofauti hiyo ndiyo inayoamua treni isimame kabla ya kizuizi au baada yake.

Na bahati si kitu cha filamu peke yake. Tarehe 7 Machi 2015, huko Wootton Bassett, Uingereza, treni ya matembezi iliyovutwa na injini ya mvuke iitwayo Tangmere ilipita ishara nyekundu, ikaja kusimama juu ya makutano ya njia kuu. Treni nyingine ya abiria ilikuwa imepita hapo muda mfupi sana kabla. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye injini walikuwa wameuzima mfumo wa kumwonya dereva na kufunga breki. Hakuna aliyeumia. Kampuni iliyoendesha treni hiyo ilipigwa faini ya pauni 200,000, na dereva akapewa kifungo cha nje. Mchezo wa Titfield ni uleule: kifaa cha usalama kinaonekana usumbufu, dakika chache zinaamua yote. Tofauti ni kwamba safari hii mahakama haikucheka.

Wapenzi ambao filamu haikuwaona

Dosari kubwa ya filamu, kwangu mimi, ni kwamba inawapunja hata hao wapenzi wa treni inaowasifu. Inawaonyesha kama watu wa moyo bila mahesabu. Ukweli una sura nyingine.

Baada ya ajali ya Gettysburg, sheria za Marekani za injini za mvuke zilifumuliwa na kuandikwa upya, zikatangazwa mwaka 1999. Walioshiriki kuzichora ni pamoja na watu walewale wanaozihifadhi na kuziendesha injini hizo. Boila iwe na vioo vya maji visivyopungua viwili. Kiwango cha chini kabisa kinachosomeka kiwe angalau inchi 3 juu ya dari la tanuru. Kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, injini ifumuliwe na kukaguliwa yote. Hakuna afisa aliyewabebea fimbo hapo. Waliketi wenyewe wakauliza: kioo kikidanganya, nani atatuambia?

Hata wanaojenga modeli wana utaratibu huo. Katika klabu za Uingereza, injini ndogo ya mvuke ya kutengenezwa gereji, ikiwa na boila mpya, hujaribiwa kwa maji baridi kwa mgandamizo mara mbili ya ule wa kazi, na majaribio ya baadaye ni mara moja na nusu. Kwa nini maji baridi? Maji hayabanwi kirahisi, hivyo hayahifadhi nishati nyingi. Boila mbovu itavuja tu, haitalipuka.

Wenye modeli za umeme mezani nao wanajua siri moja: mezani hakuna uzito. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, uzito hugawanywa kwa 76 mara tatu mfululizo. Injini ya tani 80 inabaki na gramu 180 hivi. Unaisimamisha kwa kidole. Mazoea hayo ukiyapanda nayo kwenye treni halisi, yatakuponza, na filamu hii inaendesha treni halisi kwa moyo wa mezani.

Kwa hiyo, uitazame?

Ndiyo, tena na wenzako. Uigizaji ni mzuri, Lion ni tunu, na swali lake la msingi, kwamba jamii ina haki ya kupigania usafiri wake, lingali hai. Ila itazame ukimhurumia mkaguzi kidogo. Filamu inamchora kama mlango wa kupenya. Mimi namwona kama mtu pekee kwenye ile treni anayewawakilisha abiria.

Na hili linatugusa hata huku. Kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi imesimama injini 5918, Mount Gelai, moja ya 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950, ikiitwa kwa jina la mlima ulioko Tanzania. Iliwahi kufufuliwa ikatembea tena. Siku ukisikia injini kama hiyo inawashwa kwa ajili ya matembezi, furahi, kata tiketi. Halafu muulize yeyote mwenye ovaroli maswali mawili: boila ilipimwa lini mara ya mwisho, na ina vioo vingapi vya maji? Anayeipenda kweli injini yake hatakasirika. Atakushika mkono akuonyeshe.